Mabawa ya Melimeli

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Kibiti, kwa mtoto wa jirani yetu wa zamani. Pilau lilikuwa limeshapakuliwa, akina mama tumeshaenea mkekani, mara kikapita kitu juu ya turubai kikivuma kama nyigu aliyefungiwa koponi. Ilikuwa droni ya mpiga picha. Watoto waliacha sinia wakaikimbilia, na watu wazima tukajifanya hatuioni huku kila mmoja anaweka mtandio sawa apate kutoka vizuri kwenye video. Nilipotupa macho upande wa wanaume nikamwona mzee mmoja mnene, ndevu nyeupe, ameacha kula anatazama juu, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Kwa kichwa kile nikamjua. Alikuwa Zuberi, mtoto wa shangazi yangu mkubwa, ambaye hatukuonana tangu alipohamia Ngorongo kulima mpunga na mimi nikaenda zangu Dar es Salaam. Baada ya chakula alinifuata uani. Hakunipa shikamoo wala mambo, sisi watani hatupotezi muda. Alisema tu, "Siwema, yetu ilikuwa haipigi kelele." Nikacheka. Kisha lile pilau likanikaa kifuani, na Zuberi, ambaye alikuwapo siku zile zote, akaliona usoni mwangu. "Yaliyopita si ndwele, binamu," akasema. Sijapata kuipenda methali ile. Aliyeitunga nadhani hakuwa na bibi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kusubiri matokeo Kibiti siku hizo ilikuwa kazi kamili. Kila anayepita anakuuliza yametoka lini, na ukisema bado anatikisa kichwa kama vile umeyaficha wewe. Nilikaa kwa Bibi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imepauliwa bati, ina vyumba vitatu na ukumbi mrefu uliofika mpaka uani, na kila neno lililosemwa uani ulilisikia ukumbini, maana ukuta wa nyuma haukufika juu. Chumba cha mbele Bibi alikipangisha. Mpangaji wa mwaka ule alikuwa kijana wa chuoni aliyekuja kupima mikoko ya delta. Jina lake tulikuwa nalo lakini halikutumika, mtaa mzima ulimwita Bwana Mikoko. Akishinda huko wiki nzima anarudi na tope mpaka magotini, anakula wali wa Bibi na kambale wa tui sahani mbili, halafu anamshukuru kwa Kiswahili cha vitabuni mpaka Bibi anaona aibu. Alikuwa na sanduku moja refu la maboksi alilorudi nalo kutoka masomoni Ulaya. Ndani mlikuwa na ndege ya kuelea, isiyo na injini, ya kuongoza kwa redio, aliyokuwa akiirusha huko kwa kujifurahisha. Kwenye basi walimwekea magunia ya korosho juu ya lile sanduku. Alipolifungua mezani kwa Bibi, mabawa yalikuwa vipande vipande, na karatasi iliyoyafunika imekuwa kama ganda la kitunguu. Hakugombana na mtu. Alikaa kidogo akitazama, kisha akatuambia mimi na Zuberi, "Mkiweza kuirudisha angani, ni yenu." Kazi yake ilipokwisha aliondoka, sanduku akatuachia.

Zuberi alikuwa fundi redio, ana meza yake pale ukumbini, koili na waya zimejaa kila mahali, na kila asubuhi sauti ya taarifa ya habari inatoka kwenye redio tatu za wateja kwa mpigo. Upande wa umeme haukumsumbua. Rimoti ilikuwa nzima, na vile vimota viwili vya kuvuta mkia na usukani viliitika siku ya kwanza tu alipotia betri. Tatizo lilikuwa mabawa. Mbao yake inaitwa balsa, nyepesi kama mkate wa jana, na kwetu haipatikani. Vipande vilivyopona tulivigundisha, na palipovunjika kabisa Zuberi akaleta upongoo wa mwale, ule uti wa kuti ambao watu wanatengenezea milango, akauchonga kwa wembe mpaka ukawa mwembamba kama kijiti cha mshikaki. Kwa pini za kushikilia gundi tulitumia miiba ya mndimu. Kusugua, majani ya msasa. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mwepesi, kwa hiyo mbavu za bawa, vile vibao vidogo vilivyopindwa mgongo, nilizichonga mimi, moja baada ya nyingine, nimekaa sakafuni na ramani ya ndege imetandikwa juu ya mkeka. Sijui kama naweza kumweleza mtu wa leo raha niliyoipata. Shule ilikuwa imenifundisha kukariri. Hapa kitu kilikuwa kinakataa au kinakubali, na hakukuwa na mwalimu wa kukipigia magoti. Bibi alikuwa akija na kikombe chake cha chai ya mchaichai anakaa kwenye kigoda, anaangalia. Mara nyingine ananyoosha kidole anagusa ubavu mmoja. "Mifupa hii," anasema. "Kama kambale."

Mifupa ilipokamilika ikataka ngozi, na hapo tukakwama. Tulijaribu karatasi ya kaki, ikachanika. Tukajaribu mifuko ya nailoni, ikawa inapwaya, ukipuliza inapiga makofi. Zuberi akajaribu gazeti na gundi, ndege ikawa nzito, habari za michezo zinasomeka bawani. Nilikaa siku nzima nimenuna. Shangazi Mwanahamisi, binti wa Bibi tuliyekuwa tukiishi naye, nilimsikia uani akimwambia jirani kwamba wenzangu wa rika langu wana watoto mgongoni, mimi nina tiara. Bibi naye alisikia. Aliingia ukumbini akaniuliza, "Hicho kitu kinalilia nini?"

"Nguo, Bibi. Nyepesi, lakini iliyobana, isipitishe upepo ovyo."

"Nguo ya hariri?"

"Hata pamba, ikiwa laini kabisa."

Akavuta chai. Kisha akasema, "Nivutie lile sanduku langu huko mvunguni."

Ndani ya sanduku la mbao, chini ya khanga zake za doti, kulikuwa na furushi. Alipolifungua, ukumbi mzima ukanuka udi na kafuri. Zuberi aliinuka kwenye benchi kama mtu aliyeona jeneza linapita. Sisi wote tulijua ni nini. Wazee wetu wengi huweka sanda zao wenyewe, tayari, zimefuliwa na kufukizwa, asije akasumbuka mtu siku ile. Sanda ya mwanamke ina nguo tano, na moja yake ni shungi la kichwa. La Bibi lilikuwa la melimeli, nguo nyepesi hasa, ukilinyanyua unauona mkono wako upande wa pili. Shoga yake Bi Zena alimletea kutoka Makka, amelichovya maji ya Zamzam huko huko. Bi Zena mwenyewe alikwisha kufa. Katika nguo zote zile tano, hiyo ndiyo Bibi aliyokuwa akiitaja, kwamba akifika mbele ya haki atafika na shungi la Bi Zena kichwani, wakutane, amwambie ahsante.

"Bibi, hiyo sanda," nikasema.

"Ndiyo, sanda. Mnaiogopa? Mie nalala juu yake kila siku wala hainiumi." Alilikunjua akalipima kwenye mifupa ya bawa kwa kiganja. "Linatosha. Sasa nisikilizeni. Sikupeni, nakuazimeni. Halikatwi. Halitiwi gundi wala rangi. Mkisharusha lidude lenu mnafumua uzi, mnalifua kwa maji matupu, mnalianika kivulini, linarudi humu. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Bibi."

"Na isiwe mnakawia. Mie si msichana." Kisha akacheka, meno yake mawili ya mbele yakaonekana. "Ajabu ya Mungu. Shungi langu litakwenda juu kabla yangu."

Uani siku ile palichafuka. Shangazi alipogundua aliporomosha maneno jirani wote wakasikia. "Mama ametoa shungi la marehemu, na marehemu mwenyewe yuko ndani anakunywa chai!" Bibi akamjibu kutoka chumbani bila kunyanyua sauti, "Sanda ni yangu au yako, Mwanahamisi? Yako nikuandalie?" Shangazi akaendelea kutwanga kisamvu, lakini kwa vile alivyokuwa akitwanga ulijua anamtwanga nani. Nakiri kwamba niliona fahari. Nilijiona mjukuu aliyependwa kuliko sanda. Nilikuwa mjinga wa miaka kumi na minane, na ujinga wa umri ule una raha zake.

Kwa sababu ya lile sharti la Bibi, tulilifunika bawa kwa namna ambayo hakuna ramani iliyoielekeza. Badala ya kukata, nililikunja shungi mara mbili, nikalizungushia bawa kutoka mbele, nikaja kulishona nyuma kwa uzi mwembamba, mshono wa mbali mbali ili kulifumua kuwe rahisi. Badala ya gundi na vanishi nilitumia wanga wa muhogo, ule ule tunaotia kanzu za Ijumaa. Ukipaka mwembamba, ukaacha ukauke kivulini, nguo inajivuta yenyewe. Asubuhi nilipoamka nikalikuta bawa limekazika, jeupe, mbavu zinaonekana kwa ndani kama za mtoto aliyevua shati. Nikalipiga kwa kidole. Lililia ti, ti, kama ngoma ya kidumbaki iliyokwisha kuota moto. Bibi akaja naye akapiga. Akapiga tena. Akamwita Shangazi aje apige, naye Shangazi akaja, akapiga, akasema "Haya," akarudi jikoni.

Tuliirusha kwenye uwanja wa mpira, kiangazi kile kikali cha kabla ya masika, watu wanachoma mashamba. Zuberi alifunga mpira wa ndani ya tairi la baiskeli kwenye kigingi, mbele ya mpira akaunga mshipi mrefu wa kuvulia, ukiuvuta nyuma na kuuachia ndege inapanda kama jiwe la manati. Rimoti ilikuwa kwangu. Bibi tulimleta kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akakalia kigoda pembeni ya uwanja, mwavuli mkononi. Mara mbili za kwanza ndege ilipanda ikashuka, hakuna la maana. Mara ya tatu Zuberi akapiga kelele, "Mwewe! Wafuate mwewe!" Juu ya shamba la mikorosho lililochomwa jana yake, mwewe watatu walikuwa wanazunguka hawapigi bawa, wanapandishwa na joto la majivu. Nikaipeleka pale. Nikahisi, sijui kwa nini nasema nikahisi maana mkononi kulikuwa na kijiti cha plastiki tu, lakini nilihisi kitu kinainyanyua. Ikaanza kuzunguka pamoja na wale mwewe, polepole, nyeupe, jua linapita ndani ya melimeli. Uwanja mzima ukatazama juu. Halafu sauti ya Bibi: "Lile! Shungi langu lile! Jamani lioneni!" Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka mwavuli ukamdondoka. Kama Mungu angenipa kuchagua mahali pa kusimamisha mwaka ule, ningeusimamisha pale.

Ilitua salama kwenye majani. Nilikimbia nayo mpaka kwa Bibi, akalishika bawa, akapapasa ile nguo ilivyo moto kwa jua. Akasema, "Haya. Nimeona. Sasa nifumulieni shungi langu."

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Sikulifumua. Siku iliyofuata nilisema nitafanya kesho, na kesho yake kulikuwa na nguo za kufua. Ukweli ni kwamba nililitundika bawa ukutani juu ya kitanda changu na kila nikiamka nalipiga kidole. Kisha dereva wa lori la boriti za mikoko akaja kutengenezewa redio, akasema amekutana na Bwana Mikoko Dar es Salaam, kwamba Alhamisi atapita Nyamisati kupanda boti ya Mafia. Basi nikapata wazimu. Nilitaka aione. Baadaye watu waliponitetea walisema mtoto alikuwa anatafuta njia, yule bwana angeweza kumsemea chuoni. Si kweli, nami sitaki kujificha nyuma ya maneno hayo. Nilitaka kusifiwa na mtu aliyesoma, basi. Nilimwendea Bibi chumbani kwake. Alikuwa amelala na mchana, jambo ambalo hakuwa nalo, miguu imevimba, Shangazi anamkanda kwa maji moto.

"Bibi, mara moja tu. Nyamisati. Nikirudi nalifumua siku hiyo hiyo."

"Nyamisati kuna umande," Bibi akasema. "Wanga na umande wapi na wapi? Huwaoni wanaume wakitoka huko, kanzu zao zinavyorudi zimelegea kama matambara?"

"Nitalificha ndani, Bibi. Nitalifunika turubai."

"Umemuuliza mama hali?" Shangazi akanikatiza. "Unaingia tu, tiara, tiara. Umemuuliza ameamkaje?"

Sikuwa nimeuliza. Niliuliza wakati ule, kwa aibu, na Bibi akasema hajambo. Akanitazama kwa muda. Nimelitazama tena lile tazamo kwa miaka mingi na kila umri nilioufikia nimelisoma upya. Siku ile nililisoma kuwa ameridhika. Akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe. Nenda, mwanangu. Uende salama na urudi salama."

Tulipanda juu ya lori, mimi na Zuberi, ndege imefungwa kwenye mkeka kama mgonjwa. Nyamisati tulilala kwa jamaa wa dereva, watu wema, walitupikia bada, ule ugali wa muhogo, na kamba wa nazi, kamba wakubwa kama vidole vya mtu mzima, nikala sana. Nyumba yao ilikuwa ya fito za mikoko, haijakandikwa upande wa mtoni, na hewa ya chumvi ikapita ilivyotaka. Alfajiri mawingu yalikuwa mazito. Nilipofungua mkeka nikalipiga bawa kidole. Halikulia. Lilitoa sauti ya kiganja juu ya godoro. Nilipolipapasa, melimeli ilikuwa baridi, imelainika, imeanza kuzama katikati ya mbavu.

"Siwema, limelegea," Zuberi akasema.

"Litakazika jua likitoka."

"Jua gani? Tazama hilo wingu. Na boti inaondoka na maji kujaa, haimsubiri mtu. Tumwonyeshe hivi hivi, tuiweke mkononi aione. Si lazima iruke."

Hilo ndilo neno la busara lililosemwa siku ile, na mimi ndiye niliyelikataa. Bwana Mikoko alifika na mabegi yake, akatuona, akafurahi kweli. Aliizunguka ile ndege, akagusa upongoo, akagusa mshono. "Na hii nguo mmepata wapi?" akauliza. "Ni ya Bibi," nikasema, na nikaishia hapo. Abiria wakakusanyika, wachukuzi wa boriti wakatua mizigo. Ningeweza kukomea pale na sifa zangu zote mfukoni. Nikamwambia Zuberi avute. Alinitazama, akavuta. Ilipanda nusu tu ya ilivyopanda Kibiti, na nguo ikaanza kupiga makofi, nikaisikia kutoka chini, pa, pa, pa. Nikavuta kijiti huku, haikusikia. Upepo wa mtoni ukaichukua ubavuni ikavuka maji imelala upande, ikaenda kuzama ng'ambo ndani ya mikoko, mahali ambapo hakuna ardhi, ni mizizi na tope. Watu wakasema "Lo!" kwa pamoja, kisha wakarudi kwenye mizigo yao. Bwana Mikoko akanishika bega akasema pole, nimefika mbali, nisikate tamaa. Boti ikapiga honi. Alikuwa mtu mwema, na nilimchukia kwa wema ule mpaka boti ikapotea kwenye kona.

Maji yalipokupwa tulivuka kwa mtumbwi wa mwenyeji wetu. Mvua ilikuwa imeanza. Tulitafuta tumezama mpaka mapajani, Zuberi anaita kana kwamba ndege itaitika, kaa wanakimbia pembeni. Tuliipata imenasa kwenye mizizi, kiwiliwili na mkia, na mbavu chache za bawa la kushoto zikiwa uchi. Ule mshono wa mbali mbali, nilioushona kwa ajili ya Bibi ili shungi lake litoke kirahisi, ulikuwa umetoka kirahisi. Maji yamekwenda nalo. Nilipekua kila mzizi mpaka yule mwenye mtumbwi akasema basi, binti, maji yanarudi. Zuberi alinivuta mkono. Hakunilaumu njiani, wala baadaye, wala kule harusini. Siku ile ya harusi alijaribu hata kugawana nami, eti yeye ndiye aliyevuta mshipi. Nikamwambia awache, kila mtu na chake.

Tulifika Kibiti mvua inapiga kama inadai. Ilinyesha siku ile na zilizofuata, masika yalikuwa yameingia kwa kishindo, barabara imekatika, uani ni ziwa. Bibi alikuwa hainuki tena. Chumbani mwake mlikuwa na harufu ya mafuta ya mwarobaini na uji alioukataa. Shangazi alinipisha nikae kitandani, akatoka. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, juu ya lori, kwamba nitaanguka miguuni pake nimwambie ukweli wote. Bibi alifumbua macho akaniona.

"Umerudi, mwanangu. Iliruka?"

"Iliruka, Bibi."

"Akaiona yule bwana?"

"Aliiona. Aliisifu sana."

"Alhamdulillahi." Akapumzika. Pumzi zake zilikuwa fupi, unazisikia kati ya mvua na mvua. "Na shungi langu?"

Nimejiuliza mara nyingi ulimi wangu ulikwenda kulitoa wapi neno nililomjibu. "Nimelifua, Bibi," nikasema. "Nimelianika. Linakauka."

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tulikuwa tukisemezana kwa kukaribiana. Pale Kibiti nzima hapakuwa na uzi mmoja uliokuwa ukikauka. Bibi aligeuza macho akatazama juu, akaisikiliza ile mvua kitambo. Kisha akanishika mkono, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko zile mbao.

"Haya," akasema. "Liache likauke taratibu. Mie sina haraka."

Alifariki siku ya pili yake, baada ya swala ya adhuhuri, ananisikia namsomea Yasini kwa sauti ya kukwama. Matokeo yangu yalitoka tukiwa bado matangani. Nilikuwa nimefaulu, na watu wakasema Bibi ameniachia radhi, nikainama wasinione uso.

Lakini nataka kusema habari ya kumwosha. Mwoshaji alikuwa Bi Mwajuma, jirani yule yule wa maneno ya uani. Niliingia kwa kuwa mjukuu mkubwa wa kike anatakiwa kuingia, nikasimama pembeni nikishika birika. Nilikuwa na hofu, na si ya kifo peke yake. Nilijua kinachofuata. Watalifungua furushi mbele ya wanawake wote wale, watahesabu nguo, watakuta nne, watauliza ya tano, na Shangazi atanitazama. Nilikuwa nimeamua kwamba nitasema palepale, mbele ya maiti, kwamba shungi la Bi Zena liko delta kwenye tope kwa ajili ya sifa zangu. Nadhani nililitamani hata. Bi Mwajuma akamaliza kumkausha, akaomba furushi, akalifungua. Akatoa shuka ya kwanza, ya pili, kikoi, kanzu. Kisha akatoa ya tano.

Lilikuwa shungi la bafta, pamba ya kawaida, jeupe, jipya, la dukani, limefuliwa na kufukizwa udi. Nikabaki nalitazama. Bi Mwajuma aliona. Alizungumza taratibu, kwa mimi tu, huku mikono yake inaendelea na kazi.

"Alinituma dukani siku ile mlipopanda lori. Hamjavuka hata mnadani. Akanambia, nunua la kutosha shungi, ulifue, ulifukize, ulitie humu kimya kimya. Siwema akirudi mikono mitupu, asije akaona pengo mbele za watu."

Birika likanitoka mkononi. Hakuna aliyenikemea. Bi Mwajuma akalikunjua lile bafta, bado gumu gumu kwa upya wake, akanipa ncha moja.

"Shika hapo, mwanangu. Tumvike."